Kijana wa Feri aliyeacha kidato cha pili

Saa nne asubuhi, Jumanne, katikati ya muhula. Kwenye soko la samaki la Feri mjini Mtwara, wavulana wa rika la kidato cha pili wameinamia mabeseni, visu mkononi. Mteja akishanunua changu wake anawakabidhi, nao wanampara: magamba kwanza, kisha mapezi, kisha tumbo linapasuliwa kwa mkato mmoja hadi shingoni, na utumbo unatupwa upande ambako paka wanajua zamu yao. Wanakuuliza unataka vipande au mzima wa kuchoma. Wanajumlisha bei kichwani, wanarudisha chenji, wanamgeukia mwingine. Mikono inakwenda bila macho kuiangalia.

Mmoja wao ndiye aliyeambiwa darasani kwamba ni mzito wa kuelewa. Kwenye daftari la mahudhurio jina lake lilianza kuwekewa alama ya mtoro, baadaye likapigwa mstari. Kwa miaka mingi takwimu za Wizara ya Elimu zimetaja utoro kuwa sababu kubwa kuliko zote ya wanafunzi kuacha shule. Ni sababu inayomfaa mjaza fomu. Lakini mtoto haachi shule kwa sababu ya utoro, kama ambavyo mtu hafi kwa sababu ya kuzikwa. Jambo lenyewe lilitokea mapema zaidi.

Keti na walimu wa Mtwara uulize lini, na wengi watakupeleka kwenye kidato cha kwanza, wiki za mwanzo. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Amejua sayansi, amejua ramani, amejua hesabu za sehemu. Anavuka bahari kutoka Msangamkuu au anatembea kutoka vijiji vya Naliendele akiwa na sare mpya, na ghafla kila alichokijua kinafundishwa kwa Kiingereza. Kuna mafunzo ya mwanzo ya lugha kwa wanaoingia kidato cha kwanza, ya wiki chache tu. Mwenye mzazi wa kulipia tuisheni huweza kuokoka. Asiye naye hujifunza kunakili ubaoni maneno asiyoyaelewa, mwandiko mzuri kabisa, na mwalimu anayepitisha macho juu ya madaftari haoni tatizo mpaka upimaji wa kidato cha pili. Hapo anafeli, anakariri mwaka pamoja na wadogo zake, na akifeli tena hana pa kuendelea. Wengi hawangoji mara ya pili.

Halafu kuna korosho. Msimu wa kuokota na kuuza huku kusini huiva Oktoba, Novemba na Desemba. Upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne hufanyika miezi hiyohiyo. Familia za Nanyamba na Tandahimba zinahamia shambani, na mtoto anaachwa nyumbani na bibi au anachukuliwa kwenda kuokota. Sijui ratiba ya mitihani ingepangwaje ili iheshimu mikorosho ya kusini, mpunga wa Morogoro na pamba ya Shinyanga kwa wakati mmoja, ila mwanafunzi anayeingia kwenye chumba cha mtihani baada ya wiki mbili za kuokota hawezi kulinganishwa na aliyekuwa akirudia maswali kila jioni.

Jando na unyago hulaumiwa sana, hasa na wageni. Shughuli zenyewe siku hizi husukumwa kwenye likizo za Juni na Desemba, na ziko familia zinazozingatia hilo. Kinachosumbua ni kinachofuata: binti aliyechezwa anaanza kuonekana mtu mzima, wachumba wanahesabiwa, na daftari linakuwa jambo la hiari.

Basi mtoto ameshindwa, au ameshindwa kubaki. Mzazi anaitwa, anaambiwa mwanao kafeli, anashukuru, anaondoka. Mazungumzo mara nyingi huishia hapo. Ndiyo maana watu wengi mjini wanaamini kwamba baada ya lango la sekondari kuna njia tatu tu: ngalawa, bodaboda au ndoa. Si kweli, na inauma zaidi ukikumbuka kwamba moja ya njia nyingine ilijaribiwa kwanza hapahapa mkoani.

Mwaka 1997 Tanzania ilianzisha MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, kwa msaada wa UNICEF. Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio, pamoja na Kisarawe, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini. Waliogawa makundi walifikiri vizuri: wadogo waandaliwe waweze kurudi katika darasa la kawaida, wakubwa hadi miaka 18 waandaliwe kumaliza elimu ya msingi kwa njia fupi. Saa za masomo zilikuwa chache kwa siku na jamii ilikuwa na sauti katika kuzipanga, hivyo mtoto aliyekuwa na mbuzi wa kuchunga au mdogo wa kulea alipata nafasi. Mpango ulienea nchi nzima wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yakajaa. Kisha fedha zikapungua, wawezeshaji wakakosa posho, wanafunzi wakapungua mwaka hata mwaka. MEMKWA bado ipo katika mfumo. Ulizia katika mtaa wako darasa lake liko wapi uone kama utajibiwa siku hiyohiyo.

Kwa ngazi ya sekondari mlango mkubwa ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Historia yake ni ndefu kuliko ya shule nyingi za Mtwara: ilianza mwaka 1960 ikiwa tawi la mafunzo ya nje la Chuo cha Makerere, ikahamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya mwaka 1975. Utaratibu wake unaeleweka hata na mwenye haraka. Hatua ya kwanza hubana kidato cha kwanza na cha pili katika mwaka mmoja. Hatua ya pili hubana cha tatu na cha nne. Aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha kabla ya kufaulu upimaji wa kidato cha pili, hupitia Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti kinatolewa na Baraza la Mitihani lilelile. Ugumu wake usifichwe, maana kusoma miaka minne ndani ya miwili kunamtaka mtu mwenye muda na mlo, na Kiingereza kilichomkimbiza mara ya kwanza kinamsubiri palepale.

Kwa wasichana mambo yamebadilika kwa kasi. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Novemba 24, 2021, serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan, kupitia aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ilifungua njia ya kurudi kwa wote waliokatiza masomo, wakiwamo wenye watoto. Pembeni ya hilo, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 500 za Marekani, ukawapa wasichana waliokatiza sekondari nafasi ya kusoma bila ada katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya huko, miaka michache baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima. Leo viko 54 nchini, vikiwamo Mtawanya, karibu na Mtwara mjini, na Masasi. Programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa kupitia Shirika la Karibu Tanzania, inawarudisha humo wasichana walioacha shule: sekondari kwa njia fupi, ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha. Kilichonivutia katika mpango huu ni kitu ambacho shule zetu hazijawahi kukifikiria. Mwanafunzi anakuja na mtoto wake. Mama yuko kwenye cherehani au kwenye somo la baiolojia, mtoto yuko kwenye kituo cha malezi ndani ya uzio uleule, anacheza na kulala na wenzake. Kengele ya mapumziko ikigonga, mama anatoka kunyonyesha, halafu anarudi darasani. Binti hahitaji kuchagua, wala hahitaji kumpigia magoti mama mkwe amshikie mtoto.

Sasa rudi kwa kijana wa Feri. Yeye hana mtoto wa kunyonyesha. Hakufukuzwa na waraka wowote, kwa hiyo hakuna waraka mahsusi uliomtafuta arudi. Njia ya 2021 inamhusu kwa maandishi, kwa kuwa ilimtaja kila aliyekatiza masomo, lakini kusoma bila ada chini ya SEQUIP kulipangwa kwa wasichana. Sidai kwamba wapunguziwe dada zake. Walisubiri muda mrefu mno. Nasema tu kwamba mvulana anayeondoka kimya kimya, akiingiza shilingi elfu chache nyumbani kila jioni, hamsumbui mtu yeyote. Anahesabiwa kuwa amejiajiri. Mjomba anamsifu.

Tatizo lake litaonekana baadaye, na Mtwara inajua vizuri jinsi linavyoonekana. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, mji huu ulilipuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam. Katika madai ya vijana, ajira ilikuwa mbele. Lakini mitambo ya gesi, kama ilivyo gati jipya la bandari lililojengwa baadaye, haimuulizi mtu katoka Chikongola au Ligula. Inamuuliza cheti cha kuchomelea, cheti cha umeme, leseni ya mtambo. Asiye na karatasi anabaki na kibarua cha magunia ya korosho, na korosho zikishapakiwa melini ghala linafungwa mpaka msimu mwingine.

Karatasi hiyo inapatikana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina chuo chake mjini Mtwara na inapokea hata mhitimu wa darasa la saba. Ada ya kozi ndefu kwa wa kutwa imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mvulana mwenye kisu kizuri pale Feri hashindwi kukilipa. Kwa aliyekwisha jifunza uchomeleaji au ufundi magari kwenye gereji ya mtaani kuna urasimishaji ujuzi: anapimwa akiwa kazini, panapopungua panajazwa, anapewa cheti bila kuanza moja. Wanaoijua njia hii ni wachache kuliko wanaoihitaji.

Kinachokwamisha ni ile kauli kwamba VETA ni ya waliofeli. Imesemwa na wazazi, imesemwa na walimu wakiwa na fimbo mkononi, kiasi kwamba mtoto akipelekwa huko anahisi amehukumiwa. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umejaribu kuivunja kwa kuweka mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza katika baadhi ya shule, mtoto asome ufundi na masomo ya jumla pamoja. Mtwara ina shule ya ufundi ya sekondari ya miaka mingi, na haijawahi kuwa kimbilio la walioshindwa. Huingia wenye alama nzuri. Hofu yangu ni kwamba amali ikifika shule za kata bila karakana wala vifaa, itageuka kuwa mkondo wa kuwaficha wale wasiojua Kiingereza.

Mzazi mwenye mtoto anayeyumba afanye nini leo? Kabla ya chuo chochote, ampeleke hospitali ya Ligula akapimwe macho na masikio. Yupo mtoto anayekaa dawati la nyuma na haoni ubao, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha aende halmashauri amtafute Afisa Elimu Watu Wazima. Cheo hicho kipo katika kila halmashauri, na kazi ya aliyekishika ni kujua MEMKWA iko wapi, kituo cha QT kiko wapi, na nani anapokea wanafunzi mwezi gani. Mkuu wa shule anayemwita mzazi kumwambia mwanao kafeli angeweza kumwandikia jina la ofisi hiyo kwenye kipande cha karatasi.

Swali la mwezi gani ndilo linalowapoteza wengi. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, mara nyingi mwishoni. VETA kwa kawaida hupokea maombi ya kozi ndefu miezi kadhaa kabla, na Januari hiyohiyo masomo yanaanza. Familia inayongoja matokeo ili iamue inafika getini wakati darasa limejaa, inaambiwa irudi maombi yakifunguliwa tena, na kijana anakaa nyumbani miezi minane akisubiri fomu.