Chumvi Moja, Atomu Mbili

Wanafunzi wetu, atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na kwenye ganda la nje iko 1 tu. Klorini ina 17. Ganda lake la nje lina 7, limepungukiwa 1 kutimia 8. Sodiamu hutoa, klorini hupokea. Sodiamu hubaki na chaji chanya, klorini chaji hasi, nazo huvutana: hiyo ndiyo chumvi ya chakula.

Majini, ioni hizo huachana. Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na sodiamu, kwa hiyo maji matupu hayamtoshi. ORS ina chumvi na glukosi: utumboni, glukosi na sodiamu huingia mwilini pamoja, na maji hufuata. Pimeni maji kama pakiti inavyoelekeza. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto.