Laptopu ya shule Ngara na Biharamulo: bei haiishii dukani

Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200 za lami, mizani na foleni ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Kutoka Kigali hadi daraja la Rusumo hazifiki 200. Anayetaka kuuza kompyuta mpakato kwa shule za Ngara na Biharamulo hana budi kuanza na hesabu hiyo, lakini zabuni nyingi za vifaa vya TEHAMA haziigusi. Zabuni hutaja prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na idadi ya mashine. Kioo kikipasuka Kabanga kitatoka wapi, na nauli ya kukifuata italipwa na nani, hayo hayaandikwi.

Wazo la laptopu ya bei nafuu kwa mtoto wa nchi maskini lilivuma mwaka 2005, pale Nicholas Negroponte wa Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, alipotangaza mashine ya dola 100. Novemba mwaka huo aliionyesha Tunis akiwa na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: kidude cha kijani chenye mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Ule mkono haukufika sokoni. Mashine yenyewe, iliyopewa jina la XO, ilianza kutengenezwa kwa wingi Novemba 2007 na kampuni ya Quanta ya Taiwan, na bei yake ikawa karibu na dola 190.

Wengi waliicheka kwa sababu ya hiyo bei. Kwa maoni yangu walicheka kitu kisichostahili kuchekwa, kwani ukiifungua XO na kuitazama kwa jicho la fundi wa Biharamulo, utaona kazi ya watu waliofikiri. Kibodi ni mpira mmoja usiopitisha vumbi wala maji ya mvua. Haina feni, kwa hiyo hakuna tundu la kuvuta udongo mwekundu ndani. Haina diski inayozunguka, basi hata ikianguka kutoka kwenye dawati hakuna cha kukwaruzika. Kioo chake, kilichobuniwa na timu ya Mary Lou Jepsen, husomeka juani, chini ya mwembe, bila taa ya nyuma. Skrubu zake ni za kawaida, na za akiba zimefichwa ndani ya mpini wa kubebea.

Kubwa kuliko yote ni umeme. Laptopu ya kawaida ya ofisini inataka takriban volti 19 kutoka kwenye adapta yake, na adapta inataka umeme wa ukutani. Penye sola, maana yake ni kununua inveta, na inveta nayo inakula sehemu ya umeme kabla mashine haijaonja. XO ilipokea volti 11 hadi 18, yaani ungeweza kuiunganisha moja kwa moja na betri ya gari au paneli ndogo. Matumizi yake yalikuwa wati chache tu. Chukua darasa la mashine 40: zikila wati 25 kila moja, unahitaji wati 1,000 kwa wakati mmoja, zikila wati 5, unahitaji 200. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwalimu mkuu atanunua paneli mbili au ataomba mfadhili wa mtambo mzima.

Kwa wilaya hizi jambo hilo si la nadharia. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, zikiwamo zilizotoka kwenye mradi wa ORIO uliofadhiliwa na Uholanzi. Hali imebadilika: njia ya msongo wa kilovolti 220 imefika Nyakanazi, na pale Rusumo kuna mtambo wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini kati ya transfoma ya kijiji na soketi ya darasani kuna gharama ya kufunga nyaya, kuna luku ya kununua kila mwezi, na kuna siku ambazo umeme haupo. Betri ya XO ya madini ya chuma na fosfati ilitangazwa kustahimili mizunguko 2,000 ya chaji, wakati betri nyingi za laptopu huanza kuchoka baada ya mizunguko 300 hadi 500. Shuleni, ambako mashine huchajiwa kila siku ya masomo, huo ni umri wa miaka kadhaa dhidi ya miaka miwili.

Basi mbona XO haikushika? Kilichoanguka ni biashara yake. Iliuzwa kwa serikali, kwa oda kubwa za nchi nzima. Halmashauri ya wilaya haikuweza kununua 200 tu, wala fundi hakuweza kuagiza kioo kimoja. Peru ilinunua laki kadhaa, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika uliotolewa 2012, uliofanyika katika shule 319, haukuona tofauti katika alama za hesabu na lugha. Jirani zetu wa Rwanda waligawa zaidi ya 200,000, kisha mwaka 2014 wakasaini mkataba na Positivo BGH ili laptopu za shule ziunganishwe Kigali. Kenya nayo iliahidi laptopu kwa watoto mwaka 2013, ikagombana na zabuni yake hadi mahakamani, na ilipoanza kugawa mwaka 2016 watoto wa darasa la kwanza wakapata vishikwambi kutoka miungano miwili: Chuo Kikuu cha JKUAT na hiyo hiyo Positivo BGH, na Chuo Kikuu cha Moi na JP Sá Couto ya Ureno. Faida iliyobaki bila ubishi huko ni kwamba maelfu ya shule za msingi zilivutiwa umeme.

Tanzania ilipita njia nyingine. Kati ya 2017 na 2019 vijiji 170 vya mkoa wa Tanga vilikuwa uwanja wa shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa vishikwambi vya Google na vituo vya kuchajia kwa jua, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa muda wa miezi 15. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa Mei 2019 kati ya onebillion na Kitkit School. Kwa mtoto wa Ngara anayezungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ya tatu, hapo pana somo kubwa kuliko prosesa: programu ziwe kwa lugha ya darasani. Programu za shindano hilo ziliachwa huru kwa yeyote kuzitumia.

Kisha ikaja sensa ya Agosti 2022. Vishikwambi vya makarani vilipomaliza kazi, serikali ilivigawa kwa walimu nchi nzima, na mwisho wa mwaka huo walimu wa shule za umma walianza kuvipokea. Kwa ukubwa, huo ndio mgao mkubwa zaidi wa vifaa vya kielektroniki ambao shule zetu zimewahi kuona, na ulitokea kama tawi la kazi nyingine. Matokeo yake kibiashara yanaonekana kwenye vibanda vya mafundi simu: tundu la chaji lililolegea, kioo kilichopasuka, betri iliyovimba. Fundi anayejua simu anaweza kishikwambi. Laptopu ni habari nyingine. Bawaba ikivunjika au ubao mama ukiungua, wengi hupeleka Kahama au Mwanza.

Soko halisi la laptopu katika wilaya hizi, kwa hiyo, halina uhusiano na ubunifu wa MIT. Ni soko la mtumba. Mashine za Dell, HP na Lenovo zilizostaafu kwenye ofisi na shule za Ulaya na Marekani hupitia Dubai, hushushwa Kariakoo, kisha hupanda basi. Zile ndogo za inchi 11 zilizotengenezwa kwa ajili ya shule zina kingo za mpira na kibodi inayostahimili maji, na spea zake hupatikana kwa kuchinja mashine iliyokufa. Tuseme moja inafika kwa shilingi 350,000. Mashine 40 ni milioni 14. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo shule ya watoto 800 ina haki ya milioni 8, na humo ndimo inapopata chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Hakuna mwalimu mkuu atakayenunua laptopu kwa fedha hiyo. Mnunuzi atabaki kuwa halmashauri, mbunge kupitia mfuko wa jimbo, au mfadhili.

Wanunuzi hao hupenda kununua kitu kipya, kwenye boksi, kinachofaa kupigwa picha siku ya makabidhiano. Mashine 20 za mtumba zenye chaji ya USB-C, kisanduku kimoja cha kuhifadhi vitabu na video kinachorusha mtandao wa ndani bila intaneti, na paneli za kutosha, zingewahudumia watoto wengi zaidi kwa zamu. Karatu, mkoani Arusha, kuna shule zilizofungiwa kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia sola kwa mtindo huo.

Ngara ina mfano wake wa kifaa kilichodumu. Redio Kwizera ilianza kurusha matangazo 1995, wakati wa kambi za wakimbizi, na hadi leo redio ya mkononi husikika kila kitongoji, kwa sababu betri zake zipo duka la jirani na kila soko lina mtu wa kuifungua. Mbunifu wa laptopu angeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye dola 100.

Tangu Aprili 2016 Rusumo kuna kituo cha pamoja cha forodha, na mashine iliyounganishwa Kigali ingevuka hapo mchana mmoja. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kuuliza bei pande zote mbili za mpaka. Zikitangaza zabuni nyingine, ziongeze vifungu vitatu: spea za miaka mitatu ziletwe pamoja na mzigo, mafundi wawili wa wilaya wafundishwe kuzifungua, na mashine ikubali kuchajiwa na betri ya volti 12. Muuzaji asiyeweza kutimiza hayo anyimwe zabuni, hata akiwa wa bei ya chini kuliko wote.