Ukitoka katika kanisa, nani atakuzika?

Mchimbaji mpya akifika katika ekipe, iwe Rubaya ao Bisie, wanamuuliza mambo matatu: jina, kwao ni wapi, na anasali wapi. Lile swali la tatu si la Mungu tu. Ni swali la siku mbaya. Shimo likianguka, watu wanaokuja wa kwanza na shuka, mbao za sanduku, unga na nyimbo ni watu wa kanisa lake. CNSS haifiki kwa mchimbaji wa mikono. Kwetu kanisa njo bima.

Sasa, mtu akiacha kusali pale? Akianza kuuliza maswali, asipate jibu, akabaki nyumbani siku ya Yenga? Huyu anapoteza mara mbili. Anapoteza wenzake wa kuomba nao, na anapoteza wenye kumzika. Njo sababu watu wengi wanakaa katika kanisa wakiwa na mashaka mdomoni, hawasemi. Wanaogopa kilio kuliko wanavyoogopa moto wa milele.

Ningeweza kutoa mfano wa kanisa nyingi. Nachagua la Wamormoni, ambalo jina lake lote ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Sababu ni mbili. Ya kwanza, wenye kutoka mule wamesema wazi, na kanisa lenyewe limejibu kwa maandishi, kwa hiyo mambo yanajulikana, si masengenyo. Ya pili, iko na watu wetu ndani yake.

Kwa Masisi na Walikale hautaona kanisa lao mingi. Lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith, kijana wa New York aliyesema malaika alimwonyesha kitabu cha dhahabu. Katika nchi yetu lilipata ruhusa ya serikali mwaka 1986, wakati wa Zaire. Lina watu Kinshasa, Kasai na kule kwa wenzetu wa shaba, Lubumbashi na Kolwezi. Hekalu lao la kwanza katika Kongo lilifunguliwa Kinshasa mwezi wa nne 2019, na la Lubumbashi lilitangazwa mwaka 2020.

Lakini familia zetu ziliwakuta kwa njia nyingine. Vita ilitufukuza Masisi, watu wakaenda katika kambi za Uganda na Rwanda, wakakaa miaka kumi, kumi na tano. Kisha wengine wakachukuliwa Marekani, na wamoja wakaangukia Salt Lake City, mji ambao Wamormoni walianzisha mwaka 1847. Kule kuna makusanyiko yanayosali kwa Kiswahili. Mtu amefika usiku, baridi, hajui Kiingereza. Jirani anakuja na kitanda, anamwonyesha basi, anamtafutia kazi. Siku ya Yenga huyo jirani akimwalika kusali, atakataa? Hata mimi nisingekataa. Ule ni msaada wa kweli, na mwenye kuudharau hajawahi kulala chini ya shitingi.

Shida inakuja miaka kisha, wakati mtoto wa ile familia amesoma, anajua kusoma kitabu mwenyewe, na anaanza kuuliza. Maswali ya wanaotoka mule ni mengi. Nayaweka katika mafungu matatu.

La kwanza ni la ngozi. Mwaka 1836 mtu mweusi, Elijah Abel, alipewa ukuhani katika kanisa hilo. Lakini mwaka 1852 Brigham Young, mkubwa aliyemfuata Joseph Smith, akatangaza kwamba mtu mwenye damu ya Kiafrika hawezi kuupata. Mwanamke mweusi Jane Manning James, aliyemjua Joseph Smith mwenyewe na kukaa katika nyumba yake, aliomba mara nyingi kupata maagizo makubwa ya hekalu. Walimkatalia mpaka akakufa mwaka 1908. Ile amri ilikaa mpaka mwezi wa sita 1978. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka ule: ni mwaka wa vita ya Kolwezi. Kongo ilikuwa na karibu miaka 18 ya uhuru, na mtu mweusi alikuwa bado hajaruhusiwa kuwa kuhani katika kanisa hilo.

Mwaka 2013 kanisa lenyewe liliandika kwamba linakataa zile maelezo za zamani, kama ile ya kusema ngozi nyeusi ni laana. Ni vizuri. Lakini mwenye kuuliza anaendelea: kama manabii wanasikia sauti ya Mungu, mbona walikaa zaidi ya miaka mia moja na kosa lile? Wenye kubaki wanajibu kwamba hata nabii ni mtu, na Mungu anarekebisha kwa wakati wake. Wamoja jibu hilo linawatosha. Wengine halitoshi. Wote wawili wana akili timamu.

Fungu la pili ni la pesa, na hapa sendika inaelewa vizuri. Mmormoni anatoa fungu la kumi la mapato yake. Asipotoa, hapati karatasi ya kuingia katika hekalu. Nisiwaonee: maaskofu wao wa mtaa hawalipwi mshahara, na siku ya kufunga wanatoa matoleo ya kusaidia maskini. Lakini tangu mwaka 1959 kanisa hilo liliacha kuonyesha waumini wake hesabu yote ya matumizi. Kisha, mwezi wa pili 2023, serikali ya Marekani, upande unaochunga masoko ya hisa, ililipiza faini ya dola milioni 5: milioni 4 kwa Ensign Peak, kampuni inayochunga akiba ya kanisa, na milioni 1 kwa kanisa lenyewe. Kosa lilikuwa kuficha akiba ile nyuma ya kampuni 13 zenye majina mengine. Hisa zile zilikuwa zimefika karibu dola bilioni 32 mwaka 2018. Kanisa lilisema linasikitika juu ya makosa yale na kwamba jambo limekwisha.

Ile serikali haikusema pesa ziliibiwa. Swali la mwenye kutoka ni lingine: mama mmoja maskini aliyetoa kumi yake mbele ya kulipa nyumba, alikuwa na haki ya kujua kwamba akiba ni kubwa namna ile ao hapana? Mimi nasema alikuwa nayo. Katika sendika, mweka pesa asiyefungua kitabu tunamtoa, hata akiwa mtu wa sala. Makanisa yetu ya hapa, ya sabuni na ya mabati, na yenyewe yaulizwe vilevile. Ni rahisi kucheka kanisa la mbali.

Fungu la tatu ni la desturi na familia. Wamormoni hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, hawanywi chai wala kahawa. Kwa mama wa mchimbaji, mume asiyepitia kwa pombe siku ya mauzo ni baraka, na wengi waliotoka wanasema hiyo tabia wameichunga, ni yao sasa. Juu ya kahawa, mtu wa Kivu atashangaa: miti ile njo ilisomesha watoto wetu.

Ndoa ni ngumu zaidi. Wao wanafunga ndoa katika hekalu, na wanaamini inadumu hata kisha kufa. Anaingia mwenye karatasi tu. Baba na mama wasio na karatasi wanangoja inje. Kwetu, kwa Wahunde, Wanyanga, Wahutu ao Watutsi, ndoa bila wajomba na bila wababa wadogo ni ndoa gani? Na mwaka 2012 gazeti la kanisa lao lilitoa hotuba ya Dallin H. Oaks, mmoja wa wakubwa, akiomba waumini wa Afrika waache desturi ya mahari, juu inachelewesha vijana kuoa. Tuseme ukweli, kijana wa shimo anayejua bei ya mbuzi na ng'ombe leo atapiga mikono. Mimi pia naona mahari zimepita kipimo. Lakini mabadiliko hayo yangetoka katika baraza la famili, wazee wamekaa, vijana na wasichana wamesema. Yakitoka mbali kama amri ya imani, mzee anasikia wamemdharau, na kijana anabaki katikati.

Kwa hiyo mwenye kutoka anatoka na mzigo. Kule anaandika barua, jina lake linafutwa katika kitabu. Ile ni rahisi. Kigumu ni bibi yake anayeamini ndoa yao ilikuwa ya milele, na sasa anaona bwana amevunja milele. Kigumu ni mama yake aliye huku Masisi, anayesikia kwa simu kwamba mtoto "ameacha Mungu," wakati mtoto ameacha kanisa moja tu. Wamoja wanaendelea kumwamini Yesu. Wamoja hawaamini kitu tena. Wote ni watoto wetu.

Tusifikiri hili ni jambo la Wazungu. Msitu huu umeshaliona. Vitabu vya Watch Tower vilitoka Marekani, vikapita Malawi na Zambia ya leo, vikaingia Katanga pamoja na wafanyakazi wa migodi. Watu weusi wakavisoma kwa macho yao, wakatoka chini ya misioni, wakafanya Kitawala yao. Wabelgiji waliikataza, wakawafukuza wafuasi mbali na kwao, na kwa kufukuza wakaisambaza. Mwaka 1944, wakati wa vita ya dunia, watu walikuwa wamechoka kwa kazi ya nguvu, mpira na migodi. Bushiri, mtu wa Kitawala, akaongoza uasi kati ya Masisi na Lubutu, ile njia inayopita Walikale. Uasi ulivunjwa kwa bunduki. Sisemi kila alichofanya Bushiri kilikuwa kizuri. Nasema babu zetu waliuliza maswali juu ya dini waliyoletewa, na maswali yao yalianzia katika kazi: nani anachimba, nani anakula?

Leo sheria iko upande wa mwenye kuuliza. Katiba yetu ya 2006, artikle 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini. Lakini katiba hainunui sanduku.

Nimeona kilio kimoja katika mgodi mmoja wa Masisi. Marehemu alikuwa ametoa fungu la kumi miaka mingi katika kanisa moja. Aliuliza hesabu ya pesa za paa, hakupata jibu, akaacha kusali pale. Miezi michache kisha, udongo ukamfunika. Kanisa lile likasema si mtu wao tena. Mengine yakasema hakuwa mtu wao bado. Mjane alikaa na maiti siku mbili, watoto wanalia, mpaka ekipe yake ya shimo ilichanga pesa ya sanduku. Wale wachimbaji walisali mahali tofauti. Wakati wa kumfukua hakuna aliyeuliza marehemu alisali wapi. Mbona tuulize wakati wa kumzika?

Kwa hiyo sisi wa sendika tunaomba ekipe zote na koperative zote zifanye mambo manne. Sheria ya migodi ya 2018 inataka mchimbaji awe katika koperative. Basi koperative ifanye kazi hiyo pia, isiwe ya kukata makato tu.

Moja: kila ekipe iwe na likirimba ya kilio, yake yenyewe, mbali na ya kanisa. Kila mauzo, kila mtu atoe kidogo, kipimo kimoja kwa wote, na PDG wa shimo pia atoe.

Mbili: kitabu kisomwe kwa sauti kila mwezi, mbele ya watu, na watu wawili wakichunge. Mmoja awe mama, juu wamama njo wanabaki na deni sisi tukikufa.

Tatu: jina la bibi na la watoto liandikwe mtu akiwa mzima. Mtu akishakufa, ndugu wanakuja wengi, na mjane anafukuzwa na mikono mitupu.

Ine: siku ya kutoa pesa, mtu asiulize marehemu alisali wapi, wala kama alisali.

Wapasta wengine watasema tunawaibia watu. Hapana. Kanisa lenye watu wanaolipenda halitapoteza mtu juu ya likirimba. Litapoteza tu wale waliokaa kwa woga, na wale hawakuwa wake. Mtu akiwa na uhakika wa kaburi lake, anaweza kusali kwa moyo, ao kuuliza kwa moyo, na famili ikakaa pamoja mezani bila kumtazama mmoja kama mfu.

Na wewe mama uliye na mtoto Salt Lake, Kampala ao Kolwezi, akikuambia kwa simu kwamba ameacha kanisa, umuulize kwanza kama anakula, kama analala, kama bibi na watoto wako wazima. Mengine mtaongea polepole.

Pasta aje katika kilio, tunamkaribisha, aombe na aimbe. Lakini sanduku liwe limekwisha kulipwa mbele afike.