Viungo na Vichupo: Jinsi Asiyeona Anavyosoma Kurasa za Intaneti

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu orodha ya masomo ya Agano Jipya kwa njia ya tovuti. Ilikuwa na makala 14, na kila makala ilikuwa na kiungo cha kuifungua. Juma lililofuata mwanafunzi mmoja asiyeona alitujia, akasema kwa upole, "Mchungaji, nimesikia 'bonyeza hapa' mara 14. Hapa ni wapi?" Hatukuwa na jibu. Kwa macho yetu orodha ile ilikuwa wazi kabisa. Kwa masikio yake ilikuwa nyumba ya milango 14 inayofanana.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi asiyeona anavyopita kutoka kiungo hadi kiungo, na kutoka kichupo hadi kichupo. Tunakusudia pia kuonyesha kwamba wepesi au ugumu wa safari hiyo umo, kwa sehemu kubwa, mikononi mwake aliyeuandika ukurasa. Siku hizi wachungaji na walimu wa theolojia ni waandishi wa kurasa: tunatangaza ratiba za ibada, tunaweka mahubiri, tunagawa masomo.

2. Programu ya kusoma skrini

Asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu inayoisoma skrini kwa sauti. Mojawapo ya zile za mwanzo zilizoenea ni JAWS, iliyotolewa Marekani mwaka 1989 na Ted Henter, ambaye alipoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Nyingine ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni. NVDA hutolewa bure, jambo ambalo ni la maana sana kwa wanafunzi wetu. Na sauti iliyomo ndani yake yaweza kutamka Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mashine.

Programu hizi haziutazami ukurasa kama picha. Huyachukua maandishi yaliyo chini ya ile sura tunayoiona, huyapanga mfululizo, kisha huyatamka au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu ili yasomwe kwa vidole. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa. Anayeona huutupia ukurasa jicho mara moja, akajua kichwa kiko wapi na orodha iko wapi. Anayesikiliza hupokea neno moja baada ya jingine. Lau angelazimika kusikiliza kila neno tangu juu hadi chini, kurasa tatu zingemmalizia asubuhi. Kwa hiyo amejifunza kuruka.

3. Kupita katika viungo

Asiyeona kwa kawaida hahitaji kipanya, kwa kuwa kipanya humtaka mtu aone mahali anapoelekeza. Kazi yote hufanywa kwa kibodi, na ziko njia tatu kuu.

Kwanza, kitufe cha Tab. Kila kinapobonyezwa, msomaji huruka hadi kiungo kinachofuata. Programu husema "kiungo", kisha husoma maneno yake. Akitaka kurudi nyuma hubonyeza Shift pamoja na Tab, na akitaka kufungua hubonyeza Enter. Njia hii ni ya haraka, lakini yafaa tuangalie kinachopotea: maneno yaliyo kati ya kiungo na kiungo hayasomwi. Sentensi inayosema, "Kwa makala juu ya Waraka kwa Wagalatia bonyeza hapa," humfikia msikilizaji ikiwa imebaki na maneno mawili tu, "bonyeza hapa".

Pili, herufi moja moja. Katika programu zote mbili tulizozitaja, herufi H humpeleka msomaji kwenye kichwa cha habari kinachofuata, U kwenye kiungo ambacho hajakifungua bado, na V kwenye kile alichokwisha kukifungua. Kwa hiyo vichwa vya habari vilivyowekwa kwa utaratibu humsaidia kama vile mgawanyo wa sura na aya unavyomsaidia msomaji wa Biblia.

Tatu, orodha. Akibonyeza Insert pamoja na F7, viungo vyote vya ukurasa hukusanywa mahali pamoja. Aweza kuandika herufi za mwanzo za kiungo anachokitafuta, akakifikia mara moja. Kutokana na hili twaona kwamba neno la kwanza la kiungo lina uzito wa pekee. Kiungo kinachoitwa "Wagalatia: sheria na injili" hupatikana kwa W, viungo 14 vinavyoanza kwa B havipatikani kwa herufi yoyote.

4. Kupita katika vichupo

Kila ukurasa uliofunguliwa waweza kukaa katika kichupo chake, na vichupo hujipanga juu ya dirisha la kivinjari mfano wa vibandiko vya majina kwenye majalada ya ofisini. Anayeona huvitazama vyote kwa pamoja. Asiyeona hubonyeza Ctrl na Tab ili kuhamia kichupo kingine, au Ctrl na tarakimu ili kwenda moja kwa moja kwenye kichupo cha kwanza, cha pili au cha tatu. Kila anapofika, programu humtajia jina la ukurasa. Akipotelewa, Insert na T humrudia jina hilo.

Basi ikiwa kurasa zetu zote zinaanza kwa jina refu la chuo, msomaji mwenye vichupo saba atasikiliza jina la chuo mara saba kabla ya kuijua tofauti. Yafaa jambo la pekee litangulie na jina la chuo lifuate: "Ratiba ya mitihani", kisha chuo.

Liko tatizo jingine, ambalo wanaoona hawalitambui kwa urahisi. Viungo vingine hufungua kichupo kipya bila taarifa. Msomaji akimaliza hubonyeza Alt na mshale wa kushoto ili arudi alikotoka, lakini hakuna kinachotokea, kwa maana kichupo kipya hakina ukurasa uliotangulia. Hudhani kompyuta imekwama. Maneno machache ndani ya kiungo, "hufungua kichupo kipya", yangemwokoa.

5. Wajibu wetu

Mambo haya si siri ya mafundi. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikika kwa wote, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999, umeyaeleza wazi: kiungo kitaje kinakokwenda, ukurasa uwe na jina linaloueleza. Yanahitaji mwandishi mwangalifu, wala hayahitaji fedha.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lina Shule ya Wasioona Irente, Lushoto. Haifai mtoto aliyefundishwa kusoma na kanisa aje azuiwe kusoma na ukurasa wa kanisa. Walawi 19:14 hukataza kikwazo mbele ya kipofu. Kikwazo tulichokiweka sisi hakikutokana na ubaya, kilitokana na kutofikiri. Lakini mguu ukijikwaa hauulizi nia yake aliyeliweka jiwe.

6. Hitimisho

Orodha yetu tuliiandika upya kwa muda usiofika saa moja, kila kiungo kikabeba jina la makala yake. Mwanafunzi yule alirudi siku ya pili, akatuarifu kwamba kiungo cha tisa kilikuwa kinafungua makala nyingine isiyokuwa na jina lile. Wenzake waliokuwa wanaona walikuwa wamekipita bila kusema neno. Tangu hapo, kabla ya kuigawa orodha yoyote, twamwomba asiyeona mmoja aipitie kwanza.