Kusokota, Kupinda na Kupotoa: Istilahi za Fundi wa Nondo za Mapambo

Apitaye katika mitaa ya Arusha, kuanzia Unga Limited na Ngarenaro hadi kando ya barabara iendayo Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru, hakosi kuona malango na madirisha ya chuma yaliyopambwa. Pambo moja lililoenea ni la nondo ya mraba iliyozungushwa hata pembe zake nne zikafanana na nyuzi za parafujo. Kazi hiyo fundi huifanya vizuri. Kinachotusumbua sisi watumishi wa lugha ni namna ya kuieleza kwa maandishi.

Tuchukue mfano. Karani anatayarisha maelezo ya zabuni ya madirisha ya shule, naye anaandika “nondo zilizopindwa”. Fundi anasoma, anazikunja nondo mithili ya upinde, kisha anadai malipo. Nani mwenye kosa? Fundi ametimiza neno kwa neno aliloandikiwa. Fedha za umma zimekwisha kutumika, na madirisha siyo yaliyokusudiwa. Hasara hiyo haikuletwa na nyundo wala tupa. Imeletwa na kitenzi kimoja.

Kabla ya kuchagua maneno, yafaa tukifahamu kifaa chenyewe. Aghalabu fundi hakinunui, bali hukiunda kwa chuma chakavu. Sehemu zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni jiliwa, lifungwalo imara mwisho wa meza ili lishike ncha moja ya nondo isizunguke. Ya pili ni kitovu, yaani kipande cha chuma chenye tundu la mraba linalolingana na nondo, kizungukacho ndani ya beringi au ndani ya bomba lililopakwa grisi. Ya tatu ni wenzo, mkono mrefu uliochomelewa kwenye kitovu. Wenzo ukiongezwa urefu mara mbili, nguvu itakiwayo mkononi hupungua kwa nusu. Kati ya jiliwa na kitovu, nondo hupitishwa ndani ya bomba jingine ili isiache mstari wake.

Nondo yenye upana wa milimita 10 au 12 yaweza kufanyiwa kazi ikiwa baridi. Iliyo nene zaidi hupashwa moto kwanza, nao moto sharti uenee sawasawa, kwa kuwa mahali palipopata moto zaidi ndipo huzunguka zaidi. Fundi huhesabu mizunguko, maana nondo zote za dirisha moja hazina budi kulingana. Tena hukumbuka kwamba nondo hupungua urefu kidogo inapozungushwa. Kwa hiyo hufanya moja ya majaribio kabla ya kukata nyingine.

Sasa tuyapime maneno. Katika kupinda na kukunja, nondo huacha mstari wake ulionyooka. Katika kazi tunayoieleza, nondo hubaki katika mstari ule ule, ila pembe zake huuzunguka. Basi vitenzi hivyo viwili havifai. Kunyonga kumezoeleka kwa pedali za baiskeli, lakini kunabeba pia kivuli cha kitanzi. Kupotoa kuna maana ya kuharibu, na ndiko kulikozaa potoka na upotovu. Hatukitupi kitenzi hiki. Twakiwekea kazi yake, yaani kutaja kosa: nondo iliyozunguka pasipo fundi kukusudia imepotoka.

Kinachobaki ni kusokota. Wapo wanaosema kwamba husokotwa nyuzi nyingi, wala si kitu kimoja. La hasha! Mgonjwa husema tumbo linamsokota, na tumbo ni moja. Wengine watacheka wakisikia “msokoto”, kwa kuwa neno hilo hutajwa sana mahakamani katika kesi za bangi. Lakini msusi naye ana msokoto wake wa nywele, wala hashitakiwi. Neno moja laweza kutumikia nyumba tatu, mradi kila nyumba ijue linamaanisha nini.

Isitoshe, msokoto si pambo tu. Mwaka 1884 Ernest Ransome alipata hataza nchini Marekani kwa kutumia nondo za mraba zilizosokotwa ndani ya zege, ili chuma na zege vishikane barabara. Istilahi tutakayoichagua itamfaa mhandisi wa majengo kama itakavyomfaa fundi wa malango.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Kusokota: kuzungusha ncha moja ya nondo huku nyingine imeshikwa, nondo ikibaki imenyooka.

Msokoto wa kuume: ule ufuatao mwelekeo wa parafujo ya kawaida. Kinyume chake ni msokoto wa kushoto. Mabawa mawili ya lango yakitakiwa kutazamana kama mtu na kioo, kila bawa lapasa kuwa na wake.

Kisokoteo: kifaa chote, pamoja na jiliwa, kitovu na wenzo.

Mrejeo: kule kurudi nyuma kidogo kwa nondo iliyosokotwa baridi, mkono uachiapo.

Neno hili la mwisho twaliombea uangalifu wa walimu. Nondo iliyokazwa na wenzo huwa imeficha nguvu ndani yake. Mwanafunzi akiambiwa tu “achia”, naye akafungua jiliwa au akauacha wenzo ghafla, chuma kitaruka na kuweza kumvunja mkono. Amri iliyo sahihi ina hatua mbili: kwanza rudisha wenzo polepole hadi mrejeo wote uishe, kisha legeza jiliwa. Kurudisha na kulegeza visichanganywe.

Arusha ni mji wa ufundi. Chuo cha Ufundi kilianzishwa hapo mwaka 1978, na kituo cha CAMARTEC kikaundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia vijijini. Tunawasihi watafsiri walioko huko wasiishie kwenye kamusi, bali waingie karakanani, wasimame kando ya meza, waulize. Huenda fundi analo neno zuri kuliko haya yetu. Akiwa nalo, na liandikwe.