Mama Mwenye Kinywa Kilichojaa

Haya, wapwa zangu, sogeeni. Leo sisemi habari za ndagala wala mukeke. Hao mnawajua tangu hamjaota meno. Leo nina samaki mdogo ambaye hakuna mama hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, atakayepoteza mawese yake kumkaanga. Hajazi sahani. Hauzwi sokoni kwa fungu. Anakaa maji yanapokuwa ya kina kifupi, kwenye matete na pale mito inapoingia ziwani, mahali mnapopita kila siku bila kumtupia jicho.

Wanasayansi wanamwita Astatotilapia burtoni.

"Mjomba, mbona jina ni refu kuliko samaki mwenyewe?"

Hongera, umeanza vizuri. Neno la mwisho linatokana na Richard Burton, Mwingereza aliyefika ziwa hili mwaka 1858, upande wa Ujiji, pamoja na wasafiri wenzake Speke na Sidi Mubarak Bombay. Mwaka 1894 Albert Günther, mtaalamu wa samaki huko London, akampa samaki wetu jina la Burton. Samaki hakuulizwa. Wazee waliokuwa wakimwona kila asubuhi hawakuulizwa pia. Basi, jina likakaa.

Sasa mtazameni mama. Kidevu kimevimba. Mashavu yametuna. Anafungua mdomo kidogo, anafunga. Anafungua kidogo, anafunga. Ukimwuliza hali yake hatakujibu, na si kwa kiburi. Kinywa kimejaa mayai! Ameyabeba humo yote, na atayabeba kwa muda wa wiki mbili hivi. Siku zote hizo hali kitu. Viluwiluwi vya mbu vinapita mbele ya pua yake, naye anaviangalia tu.

"Hatayameza?"

Hayamezi. Anayageuzageuza taratibu, maji safi yapite kati yake. Vifaranga wakitoka ndani ya mayai bado anawashikilia humohumo. Wakishajua kuogelea anawatema nje. Hatari ikija anafungua mdomo, wanarudi mbio ndani. Wewe ulipotishwa na mbwa wiki iliyopita ulikimbilia wapi? Basi.

"Na mayai yanaingiaje kinywani?"

Ah, hapo ndipo pana kisa. Baba anachimba kishimo mchangani. Anajirembesha kwa rangi. Mama anataga mayai machache pale, halafu anageuka upesi anayaokota kwa mdomo kabla mwizi hajafika. Lakini mayai hayo bado hayajapata mbegu ya baba. Sasa baba ana pezi moja chini ya tumbo, karibu na mkia, na juu ya pezi hilo kuna madoa ya mviringo, rangi ya chungwa, yanayofanana na mayai. Analitandaza pezi mbele ya mama na kulitikisatikisa. Mama anasogeza mdomo kwenye madoa. Papo hapo baba anaachia mbegu, na mayai yanaipata humohumo kinywani.

"Kwa hiyo mama anadanganywa?"

Swali hilo limewagombanisha watu wazima wenye miwani! Mwaka 1962 Wolfgang Wickler alisema ndiyo: mama anadhani ameacha mayai mengine, anakwenda kuyaokota. Mwaka 2012 watafiti wa Basel, Uswisi, walimpima samaki wetu huyuhuyu. Wakaona kwamba majike hawakuwapendelea madume wenye madoa. Walioyajali zaidi ni madume wenzao: mwenye madoa alishambuliwa mara chache. Mimi naona mama anajua anachofanya, lakini hayo ni maoni ya mjomba tu, msiyaandike kwenye mtihani.

Tuache mapenzi yao, tuingie kinywani. Yai ni dogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Likishapata mbegu, juu yake kuna seli moja. Seli ni chumba kidogo sana chenye uhai. Moja inagawanyika, zinakuwa mbili. Mbili zinakuwa nne. Nne zinakuwa nane. Zinaendelea hivyo hadi maelfu. Na kila moja ina DNA ileile, yaani maagizo yaleyale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya siku chache kuna jicho jeusi. Kuna moyo unaodunda. Kuna mkia unaorukaruka.

"Kama zote zina maagizo yaleyale, seli ya jicho imejuaje kwamba ni jicho?"

Nani amesema hivyo? Wewe uliyejificha nyuma? Njoo ukae mbele. Kuna watu wamesoma hadi wamezeeka kwa sababu ya swali lako.

Sikilizeni. Baba zenu wakienda kuvua ndagala usiku wa giza, mitumbwi inafungwa pamoja, taa zinawashwa, wavu unashushwa. Kabla ya kuondoka wote wamesikia kazi zote: ya taa, ya kamba, ya kasia, ya kuchota maji yanayoingia. Wote wanazijua zote. Lakini wakifika katikati ya ziwa hakuna anayefanya zote. Kila mmoja anajiuliza: niko wapi? Niko karibu na taa? Basi nitazame taa. Niko kwenye kamba? Basi nivute. Ukimhamisha wa kwenye taa mapema, kabla hajazoea, ukamweka kwenye kamba, atavuta kamba.

Ndivyo seli zinavyofanya.

Uko wapi? Niko mbele, jirani zangu wananiambia ni kichwa. Basi kuwa jicho.

Uko wapi? Niko nyuma kabisa. Basi kuwa mkia.

Jirani anasemaje bila mdomo? Anatoa kemikali. Ukiwa karibu naye zinakufikia nyingi, ukiwa mbali zinakufikia chache. Seli inapima, halafu inafungua sehemu fulani za maagizo yake na kuzifunga nyingine.

"Na wale wasimamizi wanaopiga kelele 'vuteni!' nao wapo?"

Wapo! Mwaka 1924 huko Ujerumani, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walieleza jinsi walivyochukua kipande kidogo kutoka kiinitete cha salamanda, kiumbe anayefanana na mjusi lakini jamaa yake ni chura. Walikipandikiza tumboni kwa kiinitete kingine. Kipande kile kikaanza kuwaamuru majirani wapya. Majirani wakatii. Ukaota uti wa mgongo wa pili. Mwili wa pili ukaanza kujengwa tumboni mwa wa kwanza! Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Hilde hakuiona. Alifariki mwaka uleule wa 1924, kwa ajali ya moto, akiwa bado kijana. Mikono iliyofanya kazi ile ngumu ilikuwa yake, ndiyo maana mimi namtaja kila ninapomtaja mwalimu wake.

"Mjomba, si wangetazama tu watoto wa watu?"

Mtoto wa mtu yuko tumboni, gizani. Huwezi kumfungua mama yako kutazama. Lakini mama samaki ukimshika kwa upole, ukamfungua mdomo, unapata mayai yake. Unayaweka kwenye chupa ya maji yanayotikiswa polepole badala ya mashavu yake. Halafu unatazama kwa hadubini, saa baada ya saa. Ndiyo maana samaki wa matete yetu amefugwa katika maabara za Basel, na kule Marekani kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Russell Fernald alimchunguza kwa miaka mingi.

Kuna jambo moja linaloonekana hapo ambalo nalipenda kuliko yote. Mapema sana, mgongoni mwa kiinitete, panafanyika mfereji. Kingo zake zinainuka, zinakutana, zinafunga, unakuwa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Na pale kingo zinapokutana kunatokea seli za ajabu. Nyingine zikikaa, hizi zinaondoka. Zinasafiri! Mwaka 1868 Wilhelm His, akiwa Basel, aliona utepe wa seli hizo katika kiinitete cha kuku.

Uko wapi? Nimefika kwenye uso. Basi kuwa mfupa wa taya.

Uko wapi? Nimefika kwenye ngozi. Basi kuwa rangi.

Katika samaki wetu, nyingine zinafika hadi kwenye pezi la baba. Zinakuwa madoa ya chungwa. Mwaka 2014, Basel ileile, Emília Santos, Walter Salzburger na wenzao walionyesha kwamba jeni moja, fhl2b, inahusika na madoa hayo. Kipande kidogo cha DNA, cha aina inayorukaruka, kilitua jirani na jeni hiyo zamani sana, na jeni ikaanza kufanya kazi katika seli za rangi za pezi.

"Na mimi ninazo seli hizo zinazosafiri?"

Gusa kidevu chako. Gusa shavu. Mifupa hiyo imejengwa nazo. Rangi ya ngozi yako imeletwa nazo. Seli za ukoo mmoja zilichora madoa ya baba samaki na kujenga uso wako.

Na ndiyo maana mambo haya ni ya madaktari. Uso wa mtoto unajengwa kwa vipande vinavyotoka pande mbili na kukutana katikati. Visipokutana, mtoto anazaliwa mdomo wa juu ukiwa umepasuka. Mmewahi kumwona mtoto wa namna hiyo? Hakurogwa. Mama yake hakumcheka mtu wala sungura. Vipande havikukutana katika wiki za mwanzo, na daktari wa upasuaji anaweza kuushona mdomo huo. Mwanafunzi wa udaktari, awe Bujumbura, Kampala au Dar es Salaam, anafundishwa ujenzi huu wa kiinitete, kwa sababu hujui kurekebisha nyumba usiyojua ilivyojengwa.

Ule mrija wa mgongo nao, kwa binadamu, unafunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku hiyo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba! Usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 1991 utafiti uliosimamiwa kutoka Uingereza, katika nchi 7, ulitoa jibu. Ulihusu akina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo. Waliopewa asidi ya foliki kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo walipungukiwa na hatari ya kulipata tena kwa asilimia 72. Ni vitamini. Kidonge kinapatikana, na kiasi fulani kimo kwenye maharage na lengalenga. Dada zenu wakubwa waambieni wamwulize muuguzi mapema, kabla ya harusi ikiwezekana.

"Turudi kwa samaki, Mjomba. Hakuna mwizi anayeingia kinywani?"

Nilijua mtachoka na vidonge. Yupo! Ni wa jamii ya kambare, ana madoadoa meusi, wengine humwita gogogo. Jina lake la vitabuni ni Synodontis multipunctatus. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, aliandika siri yake. Samaki wanaobeba mayai kinywani wakiwa wanataga, gogogo anajipenyeza katikati yao na kutaga yake. Mama katika haraka zake anaokota yote. Mayai ya gogogo yanaanguliwa mapema. Watoto wake wakitoka wana njaa. Wanakula nini humo kinywani?

Mmenyamaza. Ndiyo, hao hao.

Na mama anaendelea kushinda njaa, akilea watoto waliomlia watoto wake. Mimi kwa kweli kisa hiki kinaniudhi, lakini ziwa halikuniuliza.

"Tunaweza kumwona mama huyo?"

Mnaweza. Nendeni na mtu mzima, asubuhi, upepo haujaamka. Msiingie majini kwenye matete: kuna kichocho, kuna viboko, kuna mamba. Simameni juu ya jiwe au pembeni mwa boti iliyovutwa pwani. Mkimwona jike aliyevimba kidevu msimfukuze, maana akitishika anaweza kuwatema wanawe. Mkimwona dume mwenye rangi kali anayefukuza wenzake, subirini atandaze pezi la chini, mhesabu madoa ya chungwa. Kisha mtafuteni dume mwingine, mhesabu tena. Yatakuwa sawa? Mimi ninajua, lakini siwaambii. Leteni hesabu zenu kesho, kila mtu aandike ya kwake bila kuchungulia ya mwenzake.