Uwakilishi wa Meridiani Kuu katika Maktaba za Programu za Kijiografia: Mfano wa Data za Viunga vya Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna meridiani kuu, yaani mstari ambao longitudo zote huanza kuhesabiwa hapo, inavyowakilishwa ndani ya maktaba za programu zinazochakata data za kijiografia. Aidha, yanaonesha athari za uwakilishi huo kwa data za viunga vya Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam. Kwa mtazamo wa haraka, mada hii yaweza kuonekana kuwa haina uzito kwa Tanzania. Ramani za nchi hii huhesabu longitudo kutoka Greenwich, na thamani ya meridiani kuu katika faili zake ni sifuri. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifuri hiyo ndiyo inayopotosha: kwa kuwa haibadiliki, watumiaji hawaichunguzi, na hitilafu inapojitokeza hupewa maelezo yasiyo yake.

Hitilafu yenyewe si ndogo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Katika bonde la Msimbazi upande wa Kinondoni, ambako mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba ziliwekewa alama ya X na kubomolewa, na kandokando ya Mto Kizinga upande wa Temeke, mita 60 hubeba safu kadhaa za nyumba zilizobanana. Ramani iliyosogea mita 90 humwingiza mkazi ndani ya eneo la katazo, au humtoa, bila bikoni hata moja kung'olewa.

2.0 Aina mbili za data zinazokutana

Data za viunga hivi hutoka katika vyanzo vikuu viwili. Chanzo cha kwanza ni ramani za topografia za skeli ya 1:50,000 pamoja na kazi nyingi za upimaji za miongo iliyopita, ambazo zimo katika datumu ya Arc 1960 na projeksheni ya UTM, kanda ya 37 Kusini. Katika rejesta ya EPSG mfumo huo una msimbo 21037. Chanzo cha pili ni vipokezi vya satelaiti, simu za mkononi na ramani huria. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliingiza mitaro, njia na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko katika OpenStreetMap, ambayo hutumia WGS 84. Tandale, katika Kinondoni, ilikwisha kuchorwa kwa njia hiyo tangu mwaka 2011.

Inafaa kukumbusha kwamba jina Arc lenyewe limetokana na meridiani. Ni tao la meridiani ya 30 Mashariki, ambalo Sir David Gill alipendekeza lipimwe kutoka kusini mwa Afrika hadi kaskazini. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa na kikosi cha Martin Hotine kati ya 1931 na 1933, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudani, lilizibwa mwaka 1954. Hivyo bikoni ya Mbagala iliyopimwa katika Arc 1960 imeshikamana, kwa mnyororo mrefu wa pembetatu, na kituo cha Buffelsfontein huko Afrika Kusini. Greenwich imo katika mnyororo huo kama jina la mahali pa kuanzia hesabu tu. Hakuna mpima yeyote aliyevuta kamba kutoka huko.

3.0 Meridiani kuu ndani ya maktaba

Maktaba za programu hazikubaliani kuhusu meridiani kuu ni kitu cha namna gani. Katika PROJ ya zamani, iliyoanzishwa na Gerald Evenden katika Idara ya Jiolojia ya Marekani, ni parameta moja, +pm, ambayo mtumiaji huiandika au huiacha. Akiiacha, programu huchukua Greenwich. Katika maandishi ya WKT ya toleo la kwanza ni kipengele cha lazima kiitwacho PRIMEM, kinachokaa kando ya datumu kana kwamba ni ndugu yake. Katika kiwango cha ISO 19111, meridiani kuu ni sifa ya datumu yenyewe: kubadili meridiani ni kubadili datumu, hata kama elipsoidi na vituo vya upimaji vimebaki vilevile. Toleo la pili la WKT, lililowekwa katika ISO 19162 mwaka 2015, linaruhusu kipengele hicho kiachwe endapo meridiani ni Greenwich.

Mtazamo wa ISO ndio sahihi zaidi kimantiki, kwa kuwa longitudo isiyo na mwanzo haina maana. Hata hivyo, ruhusa ya kuacha kipengele inazaa ukimya usioweza kutofautishwa na usahaulifu. Mtafiti anayefungua faili baada ya miaka ishirini hawezi kujua kama aliyeiandika alikusudia Greenwich au hakuwaza kabisa. Kwa nyaraka za kuhifadhiwa, hasa zinazohusu haki za ardhi, gharama ya kuandika sifuri ni ndogo mno kulinganisha na faida yake.

Jambo lingine linalowachanganya wanafunzi ni ukaribu wa majina. Meridiani ya kati ya kanda ya 37 ni 39° Mashariki, nayo hupita magharibi mwa jiji la Dar es Salaam. Hii si meridiani kuu. Ni mstari ambao projeksheni imeegemezwa juu yake, na katika PROJ huandikwa +lon_0. Uhusiano wa parameta hizi mbili una mtego: +lon_0 huhesabiwa kuanzia meridiani iliyotajwa katika +pm. Anayebadili ya pili bila kurekebisha ya kwanza husogeza gridi nzima.

3.1 Vipimo vya pembe: mfano wa Madagaska

Athari ya meridiani isiyo sifuri huonekana vizuri ng'ambo ya bahari, Madagaska. Mfumo uitwao Tananarive (Paris), msimbo 4810, huhesabu longitudo kutoka Paris na kwa gradi badala ya digrii. Gradi 100 ni sawa na digrii 90. Longitudo ya Paris katika rejesta ya EPSG ni gradi 2.5969213, ambazo ni digrii 2.33722917 mashariki ya Greenwich. Asili ya gridi ya Laborde, inayotumika kisiwani humo, ipo gradi 49 mashariki ya Paris. Gradi hizo ni digrii 44.1, zikijumlishwa na longitudo ya Paris, jibu ni digrii 46.43722917 kutoka Greenwich.

Sasa, ikiwa mfumo wote umeandikwa kwa gradi, thamani ya PRIMEM iandikwe kwa kipimo gani? Kiwango cha WKT cha mwaka 2001 kilitaka gradi, kufuata kipimo cha mfumo husika. GDAL na programu za ESRI ziliandika digrii. Faili mbili zenye muundo uleule na jina lilelile, Paris, zikawa na namba tofauti, na zote mbili zilikuwa halali machoni pa walioziandika. Programu inayosoma 2.5969213 kama digrii hukosea kwa digrii 0.2597, ambazo katika latitudo ya Antananarivo ni takriban kilomita 27. Watunzi wa Apache SIS walilazimika kuweka chaguo maalumu la kusoma WKT kwa desturi hiyo ya pili. ISO 19162 ilimaliza utata kwa kutoa nafasi ya kutaja kipimo cha pembe ndani ya kipengele chenyewe.

Rejesta nayo ina utata wake. Meridiani ya Ferro, iliyotumika katika ramani nyingi za kale za Ulaya, imeandikwa -17.4. Msomaji wa kawaida ataelewa digrii 17 na dakika 24. La hasha: kipimo kilichoambatanishwa ni digrii, dakika na sekunde zilizounganishwa katika namba moja, hivyo maana yake ni digrii 17 na dakika 40 magharibi. Namba iliyotenganishwa na kipimo chake ni hatari kuliko namba isiyokuwapo.

4.0 Mita 93 na mita 102

Kosa la Madagaska ni kubwa kiasi cha kujifichua lenyewe, maana nyumba huangukia kijiji kingine. Kosa linaloweza kutokea Kinondoni na Temeke ni dogo, na kwa sababu hiyo hudumu.

Kwa kutumia vigezo vilivyochapishwa vya Tanzania vya kugeuza Arc 1960 kwenda WGS 84, yaani mita -175, -23 na -303 kwa mihimili mitatu, nukta iliyo katika latitudo 6.8° Kusini na longitudo 39.28° Mashariki hubadilika hivi: longitudo yake huongezeka kwa takriban sekunde 3.03, sawa na mita 93 kuelekea mashariki. Na latitudo yake husogea takriban mita 237 kuelekea kusini. Vigezo hivyo ni vya wastani wa nchi nzima, kwa hiyo si vya kutegemewa kwa usahihi wa bikoni, lakini ukubwa na mwelekeo wa tofauti vinaonekana bayana.

Wakati huohuo, inajulikana sana kwamba mstari wa shaba unaopigwa picha na watalii huko Greenwich hauko katika longitudo sifuri ya vipokezi vya satelaiti. Sifuri hiyo iko takriban mita 102 mashariki ya darubini ya Airy, tofauti ya sekunde 5.31. Mita 93 huku na mita 102 kule, zote zikitajwa pamoja na neno mashariki: kishawishi cha kuunganisha mambo haya mawili ni kikubwa. Maelezo yanayojitokeza ni kwamba Arc 1960 inahesabu kutoka Greenwich ya zamani na WGS 84 kutoka Greenwich mpya, na kwamba dawa ni kuandika tofauti hiyo katika +pm.

Maelezo hayo hayasimami, kwa sababu zinazoweza kukaguliwa na yeyote mwenye kikokotoo. Kwanza, mwelekeo ni wa kinyume. Ikiwa darubini ya Airy iko magharibi ya sifuri mpya, longitudo iliyohesabiwa kutoka kwake ingepaswa kupungua inapogeuzwa, ilhali longitudo ya Dar es Salaam huongezeka. Anayetekeleza dawa hiyo kwa uaminifu husogeza nukta zake mita 163 magharibi, kwa kuwa sekunde 5.31 karibu na ikweta ni ndefu kuliko zilivyo London, na kosa la mashariki-magharibi hupanda kutoka mita 93 hadi takriban 256. Pili, badiliko la meridiani kuu ni mzunguko: lazima liongeze pembe ileile kila mahali. Vigezo vilevile vikitumika Kigoma hutoa takriban sekunde 2.2 badala ya 3.03. Tatu, hakuna meridiani iwezayo kueleza mita 237 za kusini.

Chanzo cha mita 102 nacho ni tofauti. Malys na wenzake (2015) walionesha kwamba zinatokana na kupinda kwa mstari wa timazi pale Greenwich: darubini ya Airy ilisimamishwa kwa kufuata uvutano wa mahali hapo, ilhali mfumo wa satelaiti hufuata kitovu cha dunia. Uelekeo wa meridiani angani ulidumishwa. Ndiyo sababu EPSG ina msimbo mmoja tu, 8901, kwa Greenwich ya mkutano wa Washington wa mwaka 1884 na ya huduma ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa dunia hivi leo. Uamuzi huo wa kuweka jina moja ni sahihi, ingawa unamnyima msomaji dokezo kwamba kuna historia nyuma yake.

5.0 Programu inaponyamaza

Tangu toleo la 6 la mwaka 2019, PROJ hutafuta yenyewe njia ya kugeuza kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Isipopata vigezo, au ikizuiwa kuvitumia, yaweza kutoa ugeuzaji wa makadirio. Ugeuzaji huo huzingatia mpangilio wa mihimili, vipimo vya pembe na tofauti ya meridiani kuu, lakini hauzingatii tofauti ya datumu. Kwa data za Paris ungefanya kazi inayoonekana. Kwa data za Temeke meridiani ni sifuri pande zote mbili, kwa hiyo hakuna kinachobadilika, na nukta huachwa takriban mita 255 kaskazini-magharibi ya mahali pake. Mtumiaji anayebandika tu msimbo wa WGS 84 juu ya namba za UTM za Arc 1960 hupata kosa kubwa zaidi, takriban mita 320, kwa kuwa gridi hizo mbili zimejengwa juu ya elipsoidi tofauti.

Hali hii hutokea kwa urahisi faili inapohamishwa kati ya programu. Faili ndogo ya .prj inayoambatana na data za ESRI hubeba jina la datumu, elipsoidi na meridiani kuu, lakini haibebi vigezo vya kugeuza. Hivyo ile sifuri isiyosaidia husafiri salama, na zile namba tatu zenye kazi hubaki nyuma.

Ukaguzi unaopendekezwa kwa kata za kando ya Msimbazi na Kizinga ni huu. Kabla ya kupima umbali wowote kutoka ukingo wa mto, angalau bikoni mbili zenye koordineti za Arc 1960 zipimwe upya kwa kipokezi cha satelaiti, na tofauti iandikwe kwa mashariki na kwa kaskazini kila moja peke yake. Katika gridi ya UTM, tofauti iliyo karibu na mita 93 mashariki na 306 kusini huonesha kwamba datumu haijageuzwa. Tofauti ya mita 163 iliyo upande wa mashariki-magharibi pekee huonesha kwamba kuna mtu aliyegusa meridiani.